Barua ya wazi kwa mawaziri wa njia ya kusini: mzigo mnaupima, mwenye mzigo hamumuulizi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mambo ya ndani na uhamiaji,
Addis Ababa, Nairobi, Dodoma, Lilongwe, Lusaka, Maputo na Pretoria.

YAH: WATU WANAOSAFIRISHWA NDANI YA MATELA KUTOKA ETHIOPIA KWENDA AFRIKA KUSINI

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwa kuwaandikia bila kupitia kwa mtu. Nimekuwa dereva wa masafa marefu kwa miaka 23, kwanza Tanga hadi Nairobi, baadaye Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka kwenda Lusaka, Lilongwe na Blantyre. Sasa mgongo umegoma. Nina duka la vipuri Makambako, karibu na njia panda ya Songea, na malori niliyozoea kuyapita sasa yananipita mimi nikiwa nimekaa kwenye stuli.

Naandika kwa sababu ya kidole.

Ilikuwa mwaka 2019, usiku wa kuamkia Jumapili, kwenye foleni ya mizani. Mizani gani, nitasema nikiulizwa na mwenye haki ya kuuliza. Malori yalikuwa yamepangana hadi mwisho wake huuoni, injini zimezimwa, matingo wanachemsha chai chini ya matela. Mbele yangu kulikuwa na tela la boksi la chuma, mlango umepigwa komeo na kufuli. Nilishuka kujisaidia, na wakati narudi, nikipita ubavuni mwa lile tela, nikasikia kitu kinagonga. Hakikugonga kwa nguvu. Ulikuwa ugongaji ule wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Nikadhani mbuzi. Nikawasha tochi ya simu. Kwenye bati la ubavuni palikuwa na tundu, bolti imechomoka siku nyingi, na kwenye tundu kulikuwa na kidole. Kinachezacheza. Kucha yake imejaa uchafu mweusi. Halafu sauti ikasema neno moja, "wuha", ikalirudia. Nilikuja kuuliza baadaye nikaambiwa ni maji kwa Kiamhari, lakini usiku ule sikuhitaji kuambiwa.

Mdomo wa chupa haukuweza kupita kwenye tundu. Nilikuwa na paketi ya juisi kwenye kabini, nikachomoa mrija wake, nikatoboa kizibo cha chupa ya maji, nikaupitisha mrija tunduni na kuishikilia chupa kwa nje. Ukavutwa. Anayekunywa alivuta mara mbili tatu, mrija ukatulia, kisha ukavutwa tena kwa namna nyingine, nikajua ni mtu mwingine. Nilihesabu hivyo hadi 19. Chupa mbili za lita moja na nusu zikaisha nikaacha kuhesabu.

Dereva wake akaja. Akanitazama, akatazama mrija. "Kaka," akasema, "hujaona kitu." Hakusema kwa ukali, alionekana amechoka kuliko mimi. Foleni ikasogea, akapanda, tela likaingia kwenye mizani, namba zikawaka, uzito uko ndani ya kiwango, akapewa risiti yake akaondoka.

Waheshimiwa, mizani ile ilifanya kazi yake sawasawa, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016. Kikomo ni tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, na sisi madereva tulinung'unika kweli kweli. Kutoka Dar hadi Tunduma unapimwa Vigwaza, unapimwa Mikese, unapimwa Wenda, unapimwa Makambako, unapimwa Mpemba. Ukizidisha, unalipa au unashusha. Watu 50 ni kama tani tatu. Mizani ilizisoma tani tatu zile, ikazijumlisha na shehena nyingine, ikaridhika.

Na si uzito tu. Tangu mwaka 2014 Jumuiya ina himaya moja ya forodha, mzigo unalipiwa ushuru bandarini kabla haujafika kwa mwenyewe. Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia kontena kwa sili ya kielektroniki kutoka Mombasa. Ukisimama mahali usipotakiwa kusimama, mtu aliyekaa ofisini anaona na simu inakuita. Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani tangu Desemba 2018, Tunduma na Nakonde tangu Oktoba 2019. Bima yangu ilikuwa kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, inayotambulika nchi hadi nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi ya njano imebaki, kwa sababu kila mtu aliona inafaa. Nikigonga baiskeli Kasama, kuna utaratibu wa kumlipa mwenye baiskeli.

Kwa hiyo mkikaa kwenye mikutano na kusema ushirikiano wa kikanda kuhusu uhamiaji usiofuata taratibu ni jambo gumu, la muda mrefu, linalohitaji wafadhili, mimi nacheka peke yangu dukani. Ushirikiano mnaujua. Mmeufanya kwa saruji, kwa mafuta, kwa shaba inayopanda kutoka Zambia. Kila mfuko wa saruji una karatasi, na kwenye karatasi kuna jina la mwenye mzigo, la mpokeaji, la wakala. Ukipotea njiani anatafutwa mwenye jina. Watu wakikutwa ndani ya tela, anatafutwa aliyeshika usukani, na wanafungwa waliokuwa ndani. Mwenye mzigo hana karatasi, basi hana jina, basi hayupo.

Mtaniuliza: wewe uliyeona kidole, ulimpigia nani simu?

Sikumpigia mtu. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii na sitalipamba. Niliogopa, na kilichoniogopesha hakikuwa yule dereva. Niliogopa kuwa shahidi. Barabarani wote tunajua kinachomkuta anayetoa taarifa: gari lako linaegeshwa kituoni wiki tatu "kwa ajili ya upelelezi", mzigo wa wateja unaoza, bosi anakuondoa kazini, na kila kesi inapoahirishwa unatakiwa urudi mkoa ambao si wako kwa nauli yako. Na ukiwa na bahati mbaya, anayepokea simu yako ndiye aliyelipwa ili tela lipite. Sisemi askari wote. Nasema hujui ni yupi.

Nina rafiki, nimwite Baba Neema. Yeye alibeba. Alikamatwa na vijana 31 kwenye Fuso, chini ya turubai, juu yao magunia ya vitunguu. Kwa sheria yetu ya uhamiaji ilivyorekebishwa, anayesafirisha anapigwa faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20. Milioni 20 Baba Neema hakuwahi kuziona kwa pamoja. Alikosea, alijua anachokibeba, na simtetei. Lakini nilikwenda mahakamani siku ya wale vijana na nikakaa benchi la nyuma, nikaona mambo mawili.

La kwanza, mkalimani alizungumza Kiamhari, na karibu nusu ya vijana walikuwa wanatazamana. Wengi wa wanaopita njia hii wanatoka kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hosaena na Durame. Kwao kinazungumzwa Kihadiya, kinazungumzwa Kikambata. Kiamhari wengine walikisoma shule na wengine shule hawakumaliza. Walikiri kosa la kuingia nchini bila kibali kwa kutikisa vichwa. Nusu saa, wote 31. Hakuna aliyewauliza nani aliwapokea mpakani, walilala nyumba gani, nani alichukua hela. Hilo halikuwamo kwenye shtaka.

La pili ni simu. Simu ya Baba Neema ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, imeandikwa namba ya kesi, imewekwa mezani kama kidhibiti. Mkewe aliniambia kwamba usiku ule wa safari zilipigwa namba tatu kwa kupokezana: moja ya Kenya, moja ya Tanzania, moja ya Malawi. Anayekuambia upakie wapi, anayekuambia barabara ni safi, anayekuambia ushushe wapi. Yaani mtandao mzima wa nchi tatu ulikuwa ndani ya bahasha ile, pale mezani, na ulibaki ndani ya bahasha. Mwenye gari alifika na kadi ya gari na wakili, akasema dereva alikwenda kinyume na maelekezo. Miezi michache baadaye nililiona lile Fuso limepakwa rangi nyingine.

Mkiwa mnataka neno moja kutoka kwangu, ni hili: wale vijana ni mashahidi wenu, nyinyi mmewafanya vidhibiti. Kidhibiti kinahesabiwa, kinafungiwa, kesi ikiisha kinarudishwa kilikotoka. Shahidi anaulizwa.

Januari 2021, Rais Magufuli akiwa Chato na mgeni wake, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia, aliwasamehe Wahabeshi 1,789 waliokuwa kwenye magereza ya Tanzania. Nilifurahi, wengine walikuwa wameshakaa mno. Lakini hebu tazameni namba hiyo kwa jicho la mpelelezi. Watu 1,789, na kila mmoja aliwahi kulala kwenye ua fulani Nairobi au Moshi, aliwahi kupanda gari fulani, aliwahi kuona uso wa anayepokea na kusikia anavyoitwa. Wakaachiwa wakaenda zao. Kama kuna kesi ya tajiri mmoja wa mtandao iliyozaliwa kutokana na vinywa vile, haijatufikia sisi wa barabarani.

Na vifo navyo vina tabia hiyohiyo. Tangu 2012 nimekuwa na kasumba ya kusikiliza redio nikizitafuta habari hizi. Juni ya mwaka huo, kijiji cha Chitego wilayani Kongwa, waliokotwa vijana zaidi ya 40 wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, wametupwa porini pamoja na wenzao waliokuwa bado wanapumua. Mwezi huohuo wengine zaidi ya 40 walizama ziwani upande wa Karonga. (Ziwa Nyasa kwetu, Ziwa Malawi kwao, naomba Lilongwe na Dodoma msianzie hapo kabla sijamaliza barua.) Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, maofisa walisikia kugongwa ndani ya kontena la lori lililotoka Malawi. Walipofungua walikuta maiti 64 na watu 14 hai. Nilipoisikia habari ile nilikuwa naendesha, nikalazimika kuegesha pembeni. Kugongwa. Kwa Tete kuna aliyesikia akafungua. Oktoba 2022, kaburi la pamoja likafukuliwa kwenye msitu wilayani Mzimba, Malawi, siku ya kwanza wakatoa miili 25. Desemba mwaka huohuo, Ngwerere, kaskazini mwa Lusaka, miili 27 kando ya barabara, na mwenzao mmoja akakutwa bado anahema.

Ngojeni niwaeleze jambo la kidereva ambalo pengine hakuna aliyewaandikia kwenye ripoti. Tela la boksi likiwa linatembea, upepo kidogo unapenya kwenye matundu na mwanya wa mlango. Likisimama juani, hewa inakwisha. Foleni ya mizani inaua. Foleni ya mpakani inaua. Dereva anajua, lakini akifungua mlango kwenye foleni amejifunga mwenyewe miaka 20, basi anasubiri afike mahali penye giza. Akifungua pale, tayari. Ndiyo maana mara nyingi miili haikutwi kwenye vituo vya ukaguzi, inakutwa porini kilomita kadhaa mbele. Kila mnapoongeza ukaguzi bila kumpa dereva njia ya kusema "nina watu, wanakufa, fungueni" na adhabu yake ipungue kwa kusema, mnarefusha muda wa mlango kufungwa.

Upande wa pili, wafanyabiashara wa njia hii wao hawana tatizo la uratibu. Kule Hosaena anayewakusanya vijana anaitwa delala. Ni neno letu lilelile, dalali, kutoka Kiarabu kwenda pande zote mbili, limevuka Moyale bila viza. Delala wa Ethiopia anamkabidhi kijana kwa dalali wa Kenya, wa Kenya anamkabidhi wa Tanzania kwa njia za panya za Taveta au Horohoro au kwa boti kutoka Pwani ya Kenya, na kuendelea hivyo Korogwe, Chalinze, Iringa, Mbeya, hadi Mto Songwe. Kwa ninavyosikia, malipo yanatoka kwa vituo: kijana akifika, anapewa simu aseme nyumbani "nimefika", ndipo kaka aliyeko Johannesburg au baba aliyeuza ng'ombe anaachia sehemu nyingine ya fedha. Asipoachia, kijana anabaki kwenye ua fulani na simu inayofuata nyumbani ni ya kilio chake. Hela zinapita kwenye simu, mawakala wanakata kamisheni, kila muamala una tarehe, saa na jina la aliyesajili laini. Huu ni ushahidi ambao sisi wa zamani hatukuwahi kuuota. Lakini muamala wa Kenya unaombwa na polisi wa Kenya, wa Malawi na polisi wa Malawi, na yule mwenye bahasha ya kaki hajui hata aanzie wapi kuuomba.

Hapa nije kwenye vyumba vyenu vya mikutano, maana nimevichunguza kwa kadiri ya mtu mwenye duka la vipuri na bando la intaneti.

Ethiopia iko IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, na COMESA. Kenya iko IGAD, COMESA na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania iko Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini. Malawi na Zambia ziko SADC na COMESA. Msumbiji na Afrika Kusini ziko SADC. Ukizipanga kwenye karatasi, njia inaanzia kwenye familia moja na kuishia kwenye nyingine, na ukiacha Umoja wa Afrika wenyewe, kati ya familia hizi hakuna meza moja ambayo anakotoka kijana na anakokwenda wanakaa pamoja. Nchi za kusini zina mazungumzo yao ya uhamiaji, MIDSA, tangu mwaka 2000. Nchi za mashariki na Pembe ya Afrika zilianzisha jukwaa lao la mawaziri Nairobi, Januari 2020. Vyumba viwili. Kule Nairobi nchi 11 zilizokuwapo zilizungumza vizuri kuhusu uhamiaji wa kazi, na mwenye jibu kuhusu Tete hakuwa mwanachama. Miezi miwili baadaye kontena la Tete likafunguliwa.

Kati ya nchi za njia hii, iliyokuwa na kiti kwenye vyumba vyote viwili ni Tanzania. Mheshimiwa wa Dodoma, samahani kwa kukutaja peke yako mbele ya wenzako, ila wewe ndiye mlango wa kati. Na wewe ndiye unayebeba magereza yaliyojaa, mkalimani asiyepatikana, na bili ya chakula cha watu ambao hawakutaka kubaki kwako hata siku moja. Hakuna mwenye sababu nzuri kuliko yako ya kuwaita wengine.

Mkikaa, msianze na azimio. Anzeni na faili moja. Chukueni kesi moja tu iliyo hai leo, watu waliokamatwa wiki hii, Same au Kyela au popote, na kabla ya shtaka la kuingia bila kibali halijasomwa, aje mkalimani wa Kihadiya. Ethiopia inao, awe ubalozini au kwenye simu ya video. Tangu wakati wa korona mahakama zetu zimezoea kusikiliza watu walioko mbali. Wachukuliwe maelezo: jina la delala, ua wa Nairobi, rangi ya gari, namba ya simu iliyotumika kusema "nimefika". Maelezo yatumwe Nairobi na Lilongwe na Addis siku ileile, kwa mtu mwenye jina na simu mezani, siyo kwa "mamlaka husika". Kisha kijana arudishwe kwao haraka, kwa ndege au basi hadi kwao. Asisukumwe mpakani usiku akabebwa tena na dalali yuleyule kwa bei mpya. Mahakama za nchi zote saba zikubali maelezo yale yaliyorekodiwa. Hiyo ndiyo kazi ya wanasheria wenu na wasiambiwe ifanyike mwaka 2063.

Sheria za kumkamata mwenye mzigo mnazo. Tanzania ina ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, Kenya tangu 2010, Afrika Kusini tangu 2013, Malawi tangu 2015, Ethiopia iliandika upya ya kwake mwaka 2020. Za kumlinda shahidi nazo zipo, Kenya tangu 2006, Tanzania tangu 2015. Najua mnachotofautisha wanasheria: huyu kasafirishwa kwa kudanganywa, yule kavushwa kwa kutaka mwenyewe. Kijana aliyeanza safari kwa kutaka mwenyewe na akafika Chalinze akiwa amefungiwa uani hadi baba yake auze shamba, mtamweka kundi gani? Mtaamua. Lakini muulizeni kwanza.

Kuhusu waliokufa nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila nikiandika nafuta. Kule Hosaena wanasema kuna nyumba nzuri za vioo zilizojengwa kwa hela ya Afrika Kusini, na jirani yake kuna nyumba ambayo mama bado anasubiri simu. Miili inayookotwa huku inazikwa na vijiji. Sisi huku tunazika, tunajua kuzika, hata asiye na jina tunamchimbia kaburi la kina. Lakini kabla ya kufukia, chukueni alama za vidole, chukueni sampuli ya vinasaba, pigeni picha ya kovu na ya nguo, mpeleke Addis. Polisi wakiokota namba ya injini wanaweza kuifuatilia hadi kwa mmiliki wa kwanza.

Wapo watakaosema: fungueni mipaka, yaishe. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kusafiri kwa uhuru ilipitishwa mwaka 2018, inataka nchi 15 ziiridhie ili ianze kufanya kazi. Mara ya mwisho nilipoangalia ni nne, na hakuna hata moja ya njia hii. Sitawadanganya kwamba naona mkiridhia kesho, wala kwamba Pretoria inalala usiku ikiiwaza. Kijana wa Durame mwenye ndugu mwenye duka mtaani kule Johannesburg angeweza kupewa kibali cha kazi cha miaka miwili, akalipa kodi, akasafiri kwa basi amekaa kitini anatazama dirishani Mlima Kilimanjaro. Ingewagharimu kidogo kuliko magereza. Mliseme mkiwa tayari. Mimi ombi langu ni dogo kuliko hilo.

Na kwa wenzangu walioko barabarani, nikiwa nimeshika kalamu: mkipigiwa simu usiku kuambiwa kuna mzigo mwepesi unaolipa vizuri, mnaujua. Mwenye kupiga simu hatakuja gerezani kukuona. Baba Neema nimemtembelea mara nne. Neema mwenyewe sasa anamaliza kidato cha nne.

Waheshimiwa, nimeanza na kidole na sijawaambia yote. Wakati tela lile linaondoka kwenye mizani niliandika namba zake, ya kichwa na ya tela, nyuma ya risiti yangu ya mizani. Karatasi zile za mashine hufifia, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa nazipitisha tena kwa kalamu ya wino. Niliandika pia maandishi yaliyokuwa kwenye mlango wa kabini na saa tuliyokuwa pale. Risiti yenyewe ina tarehe na jina la mizani. Kwa mwenye nia ya kumtafuta mwenye mzigo wa usiku ule, orodha ya magari yaliyopimwa lazima ipo kwenye kompyuta ya mtu fulani, na uzito wake hadi kilo.

Siyaandiki hapa. Nitampa ofisa yeyote wa nchi yoyote kati ya saba atakayekuja, mradi aje na karatasi inayosema naulizwa kama shahidi. Duka nafungua saa moja asubuhi, nafunga magharibi. Ukishuka stendi ya Makambako uliza duka la vipuri la dereva mzee, watakuonyesha.

Wenu mtiifu,
Dereva mstaafu,
Makambako, mkoa wa Njombe